Mhudumu Aliyetazama Viganja

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba zamani katika mji mmoja wa Misri ya juu, ambako mahujaji walikuwa wakikusanyika kabla ya kuvuka Bahari ya Sham kwenda Makka, palikuwa na nyumba ya chakula ya mwanamke mcha Mungu aitwaye Bi Lubaba. Ndani ya nyumba hiyo palikuwa na mhudumu, jina lake Dhakwani, ambaye sifa zake zilifika mbali kuliko yeye mwenyewe. Ndugu zangu, mimi nimekula katika hoteli nyingi, na nimewahi kungojea chai mpaka nikasahau kama niliiagiza, kwa hiyo niacheni nimsifu mtu huyu kidogo. Alibeba sahani sita kwa safari moja. Alijua nani hali vitunguu na nani jino linamsumbua. Mgeni angali anayatafuta maji kwa macho, Dhakwani ameshasimama mbele yake na birika.

Alikuwa na elimu nyingine pia, nayo ni elimu ya bakshishi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amewahudumia watu wa kila nchi, na akajua kila kundi linavyotoa. Wafanyabiashara wa Sham walikuwa wakitoa kabla ya kula, tena kwa kishindo, ili jirani asikie. Wageni wa Andalusi walingoja mpaka washibe, kisha wakaificha sarafu chini ya kipande cha mkate, na ukiiokota mbele yao wanaona haya kana kwamba wao ndio walioiba. Hata leo mambo ni hayo hayo. Wasafiri wananiambia kuna nchi usipoacha kitu mezani utatazamwa kwa jicho baya, na kuna nchi ukiacha, mhudumu atakukimbilia mpaka barabarani akurudishie. Nikisikia hayo nacheka peke yangu.

Kuijua elimu hiyo hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba macho ya Dhakwani yalikuwa yamezoea kushuka. Kwetu tunasema mkono mtupu haulambwi, na yeye aliishi kwa maneno hayo bila kuyasikia. Mgeni akiingia, hakumtazama uso, alimtazama kiganja.

Lakini moyoni mwake alikuwa na kiu moja tu, nayo ni kuhiji. Bakshishi zake zote zilikwisha kwa kumuuguza mama yake mpaka alipofariki, na yeye akabaki hana nauli wala mnyama wa kupanda. Kila mwaka aliwafungia mahujaji mikate ya njiani, akawaaga mlangoni, akasimama na kitambaa begani akiitazama migongo yao mpaka vumbi likatulia. Kisha alirudi ndani kukusanya sahani. Miaka kumi na minane, ndugu zangu! Wengine wetu tukingojea foleni ya saa moja tunaanza kugombana.

Basi sikilizeni. Mwaka mmoja, asubuhi, aliingia Amiri wa msafara, mtu mwadilifu aitwaye Mundhir, akamwita Bi Lubaba na Dhakwani pamoja. Alisema kwamba mtumishi wake, yule anayegawa chakula na maji njiani, amevunjika mguu.

"Namtaka mtu wa kushika nafasi yake," alisema. "Atakwenda Makka na kurudi kwa gharama ya msafara. Habari zako nimezisikia, Dhakwani. Wageni wangu watakula hapa siku tatu, na siku ya tatu nitawauliza wao mbele yako. Wakiridhika nawe, twende. Wasiporidhika, nitatafuta mtu mwingine."

Upawa ulimponyoka Dhakwani ukaingia chunguni. Alikimbilia nyuma ya jiko, akasujudu sijida ya kushukuru pale pale penye vitunguu, akainuka na maganda yamemganda kwenye paji la uso, anacheka na kulia kwa pamoja. Bi Lubaba alimtazama akacheka mpaka akashika ubavu. "Jifute, mwanangu," alimwambia. "Bado hujaitwa haji."

Wageni wenyewe walikuwa makundi matatu: watu wa Sham, watu wa Andalusi, na watu wa Takruri, waliotoka magharibi ya mbali kabisa ya bara letu hili na kutembea kwa miezi mingi. Hao wa Takruri waliongozwa na mwanachuoni mrefu, mchangamfu, aitwaye Alfa Yero, ambaye alikuwa amemchukua mama yake, bibi kizee asiye na jino hata moja.

Siku ya kwanza Dhakwani alihudumu kama mtu mwenye mabawa. Wa Sham walitoa kwa kishindo chao, wa Andalusi wakaficha chini ya mkate. Alipofika kwa Watakruri kukusanya vyombo, alikusanya polepole, na mkono mmoja akauacha wazi kidogo, kama wanavyojua kuuacha wahudumu. Alfa Yero aliuona mkono ule, uso ukamnawiri. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaanza kumjulia hali. U hali gani? Nyumbani je? Na mama? Dhakwani alisema mama yake amefariki. Basi Alfa Yero aliinua mikono akamwombea mama yule dua ndefu, na kundi lote likaitikia amina, huku wa Sham wanapiga kelele, "Mkate! Mkate jamani!" Dhakwani alipoupata mkono wake, aliutazama, akaona hauna kitu. Akasema moyoni, hawa ni mabahili, wamenilipa maneno.

Mama yake ameombewa na mahujaji, naye anasema amelipwa maneno! Mwanadamu huyo.

Siku ya pili watu walijaa mpaka nje, na nyama chunguni ikaanza kupungua. Hapo mkono wa Dhakwani ulifanya ulichozoea kufanya. Minofu ilikwenda kwa wa Sham, kisha kwa wa Andalusi. Watakruri walingoja mpaka karibu na alasiri, wakapata mchuzi uliopoa, mafuta yameganda juu, na mkate wa jana yake. Hakukusudia kuwadhulumu. Hakufikiri hata kidogo, na huo ndio ubaya wa mazoea.

Akipita na birika lake, alimwona yule bibi kizee. Alikuwa amechovya kipande cha mkate katika mchuzi wa baridi, anangoja kilainike, nacho hakilainiki. Alikitoa, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakirudisha, akangoja tena. Hakunung'unika, wala mwanawe hakusema neno. Dhakwani alihisi kitu kikimchoma kifuani. Akajiambia, kesho nitawapa wao wa kwanza. Mtu wa Sham akamwita, naye akaenda.

Na kweli, siku ya tatu aliwapa wao wa kwanza, chakula cha moto na nyama nono, akadhani yamekwisha.

Baada ya sala ya adhuhuri Amiri Mundhir alisimama katikati ya nyumba, watu wamebanana hadi mlangoni. Aliwauliza wa Sham, wakajibu wote kwa pamoja kwamba hawajapata kuona mhudumu kama huyu tangu watoke kwao. Aliwauliza wa Andalusi, wakasema kwa adabu zao kwamba hawana la kupunguza. Akamgeukia Alfa Yero.

"Alhamdulillahi," alisema Alfa Yero. "Tumekula, tumeshiba. Hatuna neno."

"Basi Dhakwani, funga mzigo wako!" Amiri alisema. "Unakwenda nyumba ya Mola wako!"

Nyumba ililipuka kwa takbiri. Bi Lubaba alipiga vigelegele, wapishi walitoka jikoni na unga mikononi, wakamkumbatia wakampaka unga mwili mzima. Mimi kila nikifika hapa moyo hunienda mbio, maana neno moja tu lilikuwa limebaki, nalo ni "labeka" wanayoitikia mahujaji. Lakini Dhakwani, katikati ya furaha ile, alimwona bibi kizee wa Kitakruri naye anapiga takbiri pamoja na watu, anamchekea kwa ufizi mtupu. Anamfurahia kwa dhati, yeye aliyelishwa mkate mgumu na mtu huyo huyo.

Nani angejua, ndugu zangu? Wenye haki wenyewe wamesema wameshiba. Shetani hakuhitaji hata kusema uongo siku ile, alihitaji Dhakwani anyamaze tu.

"Amiri, subiri," Dhakwani alisema. "Hawa wamenisitiri. Jana niliwaweka mpaka karibu na alasiri, nikawapa mchuzi wa baridi na mkate mkavu, na nyama ilikuwapo. Niliwapa wengine kwa sababu wengine walikuwa wamenipa bakshishi. Na bibi huyu hana meno."

Kelele zilikatika. Amiri alimtazama Alfa Yero. "Ni kweli?"

Alfa Yero aliinamisha kichwa. "Chakula cha mwenyeji hakisemwi, Amiri."

Uso ulimwiva Amiri Mundhir. "Mola akulipe kwa ukweli wako," alisema. "Lakini jangwani nitakukabidhi viriba vya maji. Huko mwenye sarafu na asiye nayo wana kiu moja. Siwezi kumpa viriba mtu anayetazama viganja. Nisamehe."

"Umesema haki," alijibu Dhakwani. Alikivuta kitambaa chake begani, akaanza kukusanya sahani. Hakumlaumu Amiri, wala hakujilaumu kwa kusema. Watu walimpisha njia kama wanavyompisha mfiwa.

Alikuwa uani anaosha vyombo, machozi yanadondokea majini, Alfa Yero alipomfuata akachuchumaa kando yake.

"Mwanangu, sisi tulikwisha nyamaza. Kwa nini ukasema?"

"Nilitaka kwenda kwa Mola wangu, Alfa. Nikaona siwezi kumwendea kwa kuwakanyaga wageni wake."

"Basi nami nikuulize jambo. Siku ya kwanza uliponyosha mkono, ulitaka nini?"

Dhakwani aliona haya. "Bakshishi."

Alfa Yero alitoa macho, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini kabisa kwenye maji ya vyombo. "Nami nikadhani unanisalimu! Ndugu yangu, kwa watu wa upande wangu anayekuletea chakula ni mtu wako. Ukimpa sarafu umemwambia, bila hii usingenilisha. Watu hununiana miaka kwa jambo hilo." Alijifuta macho, na kicheko kikakatika. "Sasa nisikilize. Mdogo wangu Sire alifariki njiani mwezi uliopita. Ngamia wake anatembea mtupu, na sisi bado tunapika fungu lake kwa sababu hakuna aliyeweza kulipunguza. Njoo twende."

Dhakwani aliruka akasimama, sahani ikamponyoka ikavunjika. "Nitawatumikia mchana na usiku! Nitawachotea maji, nitawa..."

"La," alisema Alfa Yero. "Mtumishi, Amiri amemkataa, na Amiri hapingwi katika msafara wake. Sisi tunamtaka mgeni."

Vigelegele vya Bi Lubaba, aliyekuwa amejibanza mlangoni akisikiliza, wanasema vilisikika mpaka sokoni.

Msidhani safari ile ilikuwa nyepesi kwake. Kila alipoinuka kuchukua birika, walimkalisha. Kila chakula kilipoiva, bibi kizee alitaka apelekewe Dhakwani kwanza, naye kwa mazoea ya bakshishi alipapasa kiunoni atafute cha kutoa, asipate kitu. Alikaa na mikono yake mapajani, akingoja kama wanavyongoja wageni, na akaanza kuelewa jinsi mtu anavyoikodolea macho sahani inayopita kwenda kwa mwingine. Katika msafara mzima hakuna aliyepewa heshima kama yeye, na hakuna aliyelia kama yeye.

Wakavuka bahari, wakavaa ihramu, wakaingia Makka asubuhi na jua linapanda. Waumini wanajua jinsi dua ya mtu anayeiona Alkaaba kwa mara ya kwanza inavyotarajiwa kupokelewa, na kwa miaka yote ile Dhakwani alikuwa ameiandaa yake: msamaha, pepo kwa mama yake, mke mwema, na duka dogo la kwake mwenyewe. Alikuwa akiirudia kila siku huku anafuta meza. Umati ulipofunguka mbele yake, akaiona Nyumba ile tukufu imesimama katika mwanga, alimshika Alfa Yero mkono. Alifungua kinywa, na dua yote ikawa imepotea. Yaliyomtoka ni haya:

"Ya Rabbi, wale wageni wako waliopita mikononi mwangu wasinipe kitu, nami nikawapa makombo, wape wao kila la heri lililo hapa. Nilitaka niwataje mmoja mmoja, Mola wangu, lakini siwajui. Sikuwahi kuwatazama nyuso."

Alfa Yero akasema amina, na mama yake akasema amina.

Ndugu zangu, toeni bakshishi, msije mkaondoka hapa mkasema mwalimu amekataza. Mhudumu ana watoto, na mgeni mkarimu anapendeza. Maneno yangu ni kwa wewe unayehudumia, iwe hotelini, dukani, ofisini au kwenye zahanati, na kila mmoja wetu kuna mahali anahudumia. Aliyesimama mbele yako ameletwa kwako na Mola wake, awe na kitu mkononi au asiwe nacho. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwatazame waja wake nyuso zao sasa hivi, wangali mbele yetu, kabla ya siku tutakapoulizwa habari zao. Amina.