Chifu Kiboko Ahesabu Hadi Kupe

Mko hapo?
— Tuko!
Masikio mmekuja nayo?
— Yote mawili!
Basi yategeni. Na wewe uliyejilaza huko nyuma, kaa vizuri, mimi sisimulii mgongo wa mtu.

Hapo kale, huko nyikani, palikuwa na kaunti ya wanyama yenye kata tatu. Mkuu wa kaunti alikuwa Mama Ndovu, na sheria yake ilikuwa nyepesi: kila kata bwawa moja, analichimba yeye mwenyewe kwa pembe zake. Kata ikipita vichwa mia tano inakatwa vipande viwili, na ile mpya inachimbiwa bwawa lake. Sheria hiyo ilisomwa barazani. Kiboko, chifu wa kata ya Mtoni, alikuwa amelala, anakoroma khoo, khoo.

Kiboko huyo alishinda ndani ya bwawa la Mtoni kutwa, chubwi huku, chubwi kule, maji yote tope. Wanyama wa mlimani, ambao nao walikuwa wa Mtoni, walishuka asubuhi, wakangoja, wakapanda jioni na kiu yao. Sange, yule mdogo mwenye pua kama mrija, alikuwa na mtoto ambaye kwa kiu hakuweza tena kuinua kichwa. Alikwenda kumsihi Kiboko atoke kidogo maji yatulie. Kiboko akamwambia anywe umande.

Siku ya kuhesabu watu ikafika. Sange akamtangulia karani.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba. Umekuja kulialia tena?"

Sange akasema hapana, ameleta habari tu. Chifu mwenye vichwa vingi ndiye atakayekula wa kwanza sikukuu ya mavuno, na Nyati, wa kata ya pili, keshafikisha mia nne.

Kiboko akaacha kutafuna. "Mimi ninao mia tatu na themanini."

"Hao ni wa nchi kavu, Chifu. Anahesabiwa kila aliyelala kwako jana. Mgongoni kwako wamelala wangapi?"

Karani Korongo akaja na chaki yake, akauliza waliolala hapo ni akina nani.

"Yangeyange wa mgongoni, thelathini. Wamelala kwangu, andika."

Korongo akaandika. Cha!

"Vyura wa majini, sabini. Wamelala kwangu, andika."

Cha!

Korongo akauliza kama wamekwisha. Kiboko akamtazama Sange. Sange akatazama mawingu.

"Kupe wa kwapani, sitini. Nao wamelala kwangu, andika."

Cha!

Barazani ikasomwa: Mtoni, mia tano na arobaini, ya kwanza kaunti nzima. Kiboko akasimama apigiwe makofi, na kweli akapigiwa.

"Hongera, Chifu," akasema Mama Ndovu. "Umepita mia tano. Mtoni inakatwa leo."

Kiboko akataka kupe waondolewe. Kupe wakauliza waondolewe waende wapi. Mama Ndovu akasema aliyekwisha kuandikwa hafutwi, kisha akapanda mlimani akachimba, ku, ku, ku, mpaka maji yakatoka, baridi na meupe. Mtoto wa Sange akanywa. Akalala, akaamka, akaomba mengine. Sange akalia mbele za watu wala hakuona haya.

Wanyama wa mlimani walishukuru kweli, tena si kwa kejeli. Kata yao mpya wakaiita Asante Kiboko, na ndivyo ilivyoandikwa daftarini. Kila mavuno, kwa hesabu ile ile isiyofutwa, Kiboko hula wa kwanza, na kabla hajaonja, karani husimama akaita kata zote kwa majina, na Kiboko hulazimika kuitikia: "Karibuni."

Funzo lake ni hili, watoto wangu: msiwachukie walafi. Ukimwona mlafi mwongezee, umshukuru, kisha uende ukachote maji.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwakaa vizuri tumboni, wapelekeeni majirani. Isipowakaa nirudishieni, nitainywea chai.