Pua ya Fundi wa Gesi

Ugonjwa au dosari ukiisitiri kwa kuogopa macho ya watu, huwa umeifuga, na kinachofugwa hunenepa. Siku ya kutoka nje hakiombi ruhusa ya mwenyewe. Jambo hili lilimfika fundi mmoja wa magari yanayotumia gesi, ambaye watu walimwita Pua.

Jina hilo hakupewa bure. Katika gereji yao ya paa la bati, kila gari lililoletwa kwa matengenezo lilibadilishwa vichujio, likakaguliwa mipira, na nati zikakazwa kuanzia kwenye mtungi uliolala ndani ya buti hadi kwenye injini. Mwishoni mafundi wengine walipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Pua hakuhitaji sabuni. Alilizunguka gari mara moja, akainama, akavuta pumzi, akasema, "Kiungio cha pili, kushoto." Wakipaka sabuni, mapovu yanachemka palepale kama uji. Wateja walimpenda kama nini. Wengine walikubali kungoja siku nzima ili wahudumiwe na yeye tu.

Kisha mafua makali yakamlaza wiki mbili. Alipoinuka, nguvu zilirudi, hamu ya kula ikarudi, lakini pua haikurudi. Mkewe ndiye aliyegundua. Maharage yaliungua jikoni hadi moshi ukatanda, naye Pua ameketi hatua tatu kutoka mlangoni, anasoma gazeti.

"Baba watoto, husikii harufu?"

"Mafua tu haya."

"Mafua gani ya miezi mitatu? Nenda hospitali. Na kazini uwaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba Pua hana pua?" Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kikavu kama kuni. "Ukimwambia mtu, umeniua."

Mke akaitunza siri hiyo. Pua akawa anafika gereji kabla ya wenzake, anapaka sabuni kwa siri kwenye magari yaliyolala hapo, anafuta, kisha watu wakija anainama na kunusa kama zamani. Sifa zake zikaendelea kupaa, na kila sifa ilimchoma kama mwiba.

Asubuhi moja ya mvua, kaka yake alileta teksi yake, mkewe akiwa kiti cha mbele. Kaka huyu ndiye aliyemlea Pua tangu wazazi wao walipofariki. Aliacha shule ili mdogo wake asome. Pua alibadilisha kichujio na mpira wa vali ya mtungi, kisha akaifungua gesi. Fundi wa umeme, mwanamke wa maneno machache, akamsogezea chupa ya sabuni.

"Paka hapo. Mpira mpya huo."

Kaka mtu akaangua kicheko. "Sabuni ya nini? Huyu ndugu yangu anasikia gesi hata akiwa usingizini!"

Gereji nzima ikacheka. Pua aliitazama ile chupa. Mkono ulitaka kuichukua, moyo ukakataa. Akaingiza kichwa ndani ya buti, akavuta pumzi ndefu. Hakupata chochote ila ubaridi wa hewa. Huku nje upepo wa mvua ulikuwa ukipeperusha kila harufu.

"Safi," akasema.

Haikupita nusu saa, simu ikalia.

"Mdogo wangu, shemeji yako anasema kuna harufu ya gesi humu. Hata mimi naona kama naisikia."

Pua angeweza kusema, "Zima gari, shukeni, nakuja." Maneno hayo yalifika kwenye ulimi yakagoma hapo.

"Ni mabaki, kaka. Ilimwagika kidogo tulipofungua kichujio. Itaisha yenyewe."

"Haya. Wewe ndiye Pua, siyo sisi."

Kaka alimshusha mkewe sokoni, akaenda kuegesha kwenye kituo chake cha teksi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu, akapandisha vioo vyote, akangoja abiria. Gesi ile ni nzito. Hutuama chini kama maji. Mteja alipotokea, kaka akazungusha ufunguo. Cheche moja ilitosha.

Hospitalini alifungwa bendeji kuanzia usoni hadi kiunoni. Siku ya nne vidonda vilianza kuoza. Jamaa walioingia kumwona walitoka haraka, leso puani, machozi yakiwatiririka. Pua peke yake hakutoka. Aliketi karibu na mto, ameinama juu ya uso wa kaka yake, anamdondoshea maji mdomoni.

Shemeji yake alisimama mlangoni, akawaambia watu, "Tazameni mapenzi hayo! Mimi mkewe nashindwa, lakini yeye hata harufu haimkimbizi. Damu ni nzito."

Sifa ile ilimvunja Pua. Kikombe kikamponyoka.

"Sivumilii, shemeji," akasema. "Sisikii."

"Husikii nini?"

"Harufu. Yoyote. Ni miezi mitano sasa."

Shemeji aliishusha leso aliyoishikilia puani.

"Alikupigia simu nimekaa ubavuni mwake," akasema polepole. "Mimi nilitaka tushuke. Akaniambia pua yangu inanidanganya, ya ndugu yake haidanganyi."

Pua alipiga magoti, akaushika ukingo wa kitanda. "Kaka," akaita. "Kaka, nisamehe." Jicho moja lililobaki wazi kati ya bendeji lilimgeukia, likamkazia. Haikujulikana kama lilikuwa linasamehe au linauliza. Alasiri hiyo likatulia, na muuguzi akalifumba.

Waliokuwa mlangoni walikuwa wamesikia yote. Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika gerejini, na hapakuwa tena na mtu aliyemwita fundi yule Pua. Hapakuwa na aliyemwita kwa jina lolote. Mkewe alimkuta ameketi sakafuni nje ya wodi, akakaa kando yake bila kumgusa, maana naye alikuwa amelibeba fungu lake la siri ile.

Hospitali angeenda kutibiwa mafua; alikwenda kwa majeraha ya kaka yake, akatoka na maiti. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.