Kufuli la Difu na Mitungi Sita

Wahenga hawakuwa na vani, lakini milango walikuwa nayo. Waliposema kila mlango kwa ufunguo wake, walimaanisha kwamba kila shida ina dawa yake, na dawa iliyokuponya asubuhi yaweza kukuua kabla ya adhuhuri ukiinywa pasipo pake. Anayebisha na asikilize yaliyompata Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa dereva wa kampuni iliyosambaza mitungi ya oksijeni hospitalini. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini akikamata usukani, wanaume wenye vifua walijifunga mkanda bila kuambiwa. Kwa miaka saba aliendesha vani kuukuu ambayo haikuwa na lolote ila gia na subira. Kisha kampuni ikaleta vani mpya, yenye kamera mbele na nyuma, kengele za kuonya, breki zinazoweza kujikamata zenyewe, na vitufe vilivyojipanga kwenye dashibodi kama vifungo vya koti.

Madereva wote waliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Siku ya kwanza walifundishwa jinsi ya kufunga difu, yaani kuyashikanisha matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, gari likikwama. Siku ya pili pacha wake waliamka na homa, mama yao akashinda akiwakanda kwa kitambaa cha maji. Aliporudi kazini akaulizwa kama mafunzo yamemwingia. Akaona haya kusema nusu tu ndiyo iliyoingia, akaitikia. Siri ile akaimeza, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi mvua ilinyesha wiki nzima. Asubuhi ilipoanuka, simu ikaja kutoka kituo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya vilima. Kulikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, anapumua kwa mtungi, na mtungi uliobaki ungetosha mpaka saa sita mchana tu. Saa hiyo ilikuwa mbili na nusu. Mama Pacha hakungoja chai. Alipakia mitungi sita akisaidiwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia mizigo na kuongea, na hakuna aliyejua ni ipi aliyoajiriwa kuifanya. Wakaikaza mitungi kwa mikanda, wakaondoka.

Katika bonde la kwanza lami iliisha, vani ikazama. Tairi moja la nyuma likazunguka kama pia, na mwenzake akakaa kimya kama mgeni aliyenuniwa. Mama Pacha akasimama, akabonyeza kitufe cha kufuli la difu. Kitu kikalia "ta" chini ya vani, matairi yote mawili yakashikana yakazunguka pamoja, na vani ikajikongoja mpaka nchi kavu.

Shemeji akasifu weee, akadai kitufe kile kingefaa kufungwa kwenye mgongo wa kaka yake siku za kulima. Mama Pacha naye kichwa kikavimba. Akajiambia kwamba ikiwa kitufe kile ni nguvu, hakuna haja ya kuinyima vani nguvu. Akakiacha vilevile, wakapanda tena kwenye lami kavu.

Taa ndogo ya njano ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi. Shemeji akauliza ni ya nini. Akajibiwa kuwa abiria hulipwa kutazama nje.

Usukani ulianza kuwa mzito, matairi yakawa yanalialia kila walipokata kona. Mama Pacha akailaumu lami. Mteremko ukafika, na chini yake kona kali yenye ukuta wa mawe. Akakata usukani kwa mikono miwili. Vani haikukata. Ilinyoosha kuelekea ukutani kama ng'ombe aliyeona maji. Kengele ikapiga yowe, breki zikaanza kujikamata, naye akazikandamiza kwa nguvu zake zote. Ikasimama. Kati ya vani na ukuta palitosha kupita kuku mmoja, tena asiwe mnene.

Shemeji aligeuka nyuma kuhesabu mitungi. Yote ilikuwa imetulia kwenye mikanda yake. Saa ilikuwa nne na robo.

"Shemeji," akasema taratibu, "nakuuliza bila ugomvi. Ile taa unaijua?"

"Siijui," Mama Pacha akajibu. "Siku ya pili ya mafunzo sikwenda."

"Basi mpigie anayeijua. Aibu yako haitampumulia yule mtoto."

Mwalimu wa madereva alikuwa mama wa makamo, dereva wa malori aliyestaafu. Mama Pacha alibonyeza namba yake huku akijua kwamba huenda anaibonyeza kazi yake itoke. Akakiri yote, la homa, la kuitikia, la ukuta. Mwalimu aliuliza kwanza kama kuna aliyeumia. Aliposikia hakuna, akashusha pumzi mpaka ikasikika kwenye simu.

"Mwanangu, tegua kitendawili. Watu wawili wameshikana mikono, wanazunguka kona. Nani anatembea zaidi?"

Mama Pacha akafikiri. "Wa upande wa nje, mwalimu."

"Na ukiwafunga miguu kwa kamba moja?"

"Hawatazunguka. Watakwenda mbele mpaka waanguke."

"Hao ndio matairi yako. Yafungue."

Kisha akamweleza polepole. Kufuli la difu ni la matope, mchanga na utelezi, mwendo wa kobe, usukani umenyooka. Lifungwe vani ikiwa imesimama, kamwe si tairi likiwa linazunguka, na lifunguliwe mara tu ardhi inapokuwa ngumu. Taa ya njano isipozimika, asogee kidogo mbele kwa kunyoosha mpaka izimike. Tope likiwa zito sana, azime pia ule mtambo wa kuzuia matairi kuteleza, maana hupunguza nguvu ya injini wakati yeye anaitaka, lakini akitoka tu auwashe. Kamera na vihisi vinavyoamsha kengele avipanguse kila anapotoka matopeni. Na hata vikiwa safi, vile ni wasaidizi. Dereva ni yeye.

Mama Pacha akabonyeza, akarudi nyuma, akasogea kwa kunyoosha. Taa ikazimika. Kona ileile akaikata kwa kiganja kimoja, akacheka peke yake kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa.

Bonde la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, tope jekundu zito kama uji wa wagonjwa. Safari hii alisimama kabla hajazama. Akanyoosha usukani, akafunga difu, akazima mtambo wa utelezi, akaingia polepole bila papara. Vani ikaguna, ikayumba, ikapita. Ng'ambo akafungua difu, akawasha mtambo, na shemeji akaruka chini na kitambaa kupangusa kamera, akiitega dunia nzima kitendawili cha mnyama mwenye macho mbele na nyuma ambaye ukimpaka tope hana hata moja.

Walifika saa tano na dakika arobaini. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na kitoroli. Hakuwasalimu, aliuchukua mtungi wa kwanza akakimbia nao. Walikaa kwenye benchi la ukumbini mpaka aliporudi na kuketi katikati yao kama ndugu.

"Anapumua vizuri," akasema. "Hata amefungua jicho kutazama ni nani anayempigia kelele."

Mama Pacha akalia hapo, kilio cha kutua mzigo. Jioni alipeleka vani kwa mkuu wake wa kazi na kumweleza mwenyewe habari ya siku ya pili. Alipewa onyo la maandishi, na tarehe ya kurudia mafunzo. Alivipokea vyote viwili kwa shukrani, akaenda nyumbani kulala usingizi wa pono.

Kufuli lililomtoa matopeni ndilo lililotaka kumbamiza ukutani. Halikuwa baya wala jema, lilitaka mahali pake. Kweli, kila mlango kwa ufunguo wake.