Darasa la Neno Moja

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na vikao kama sisi, Mtemi Kiboko alilimiliki bwawa lote peke yake. Wengine walichota maji Jumamosi tu, kwa sababu siku nyingine mheshimiwa alikuwa anaoga. Alipenda usafi sana, yule bwana.

Kila mwaka aliitisha baraza na kuwauliza raia kama wameridhika. Sheria ilikuwa fupi: atakayesema "hapana" anahama siku hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba wote waliridhika.

Mwalimu wao alikuwa Pimbi, mama wa watoto wawili, mdogo hata ilimbidi akae juu ya meza ndipo aonekane. Siku moja Mtemi alimwita, akalalamika kwamba wanafunzi wake wameanza kuulizauliza mambo.

"Wafundishe neno moja tu," alisema. "Ndiyo. Hilo linawatosha."

Pimbi akainama mpaka pua ikagusa tope. "Litawatosha kabisa, Mtemi."

Alirudi shuleni akiwa na hofu, maana hakuwa na pa kuhamia. Lakini agizo ni agizo. Asubuhi darasa zima likaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mchana akawauliza ni swali gani lingestahili kujibiwa kwa neno zuri hivyo. Wakafikiri. Sikudhani, binti wa Ngiri, akasema lake. Pimbi akamwambia ni swali zuri, na kwamba halazimiki kuliuliza mbele ya watu akiogopa.

Siku ya baraza Mtemi alijisifu mpaka jua likafika utosini. Kisha, ili raia waone matunda ya elimu, akawaita wanafunzi mbele. Sikudhani akanyoosha mkono.

"Mtemi, mvua iliyojaza bwawa ilitunyeshea sote?"

"Ndiyo," darasa likaitikia. Wazazi nao wakaitikia, kwa mazoea.

"Basi maji ni yetu sote, tuchote kila siku?"

"Ndiyo."

Safari hii wazazi walisikia walichosema. Wakakirudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Mtemi akafungua kinywa, kipana kama mlango wa ghala. "Ha..."

Mzee Ngiri akamuuliza, kwa heshima zote, kama angependa asaidiwe kufunga mizigo.

"Ha... hakika," akasema Mtemi. "Ndiyo."

Kufikia jioni ndoo zilikuwa zikigongana bwawani, chubwi, chubwi.

Kesho yake Pimbi alifika darasani, pale uwanjani penye mti mmoja, akijiona shujaa wa nchi. Akakuta mikono yote iko juu. Wanafunzi walitaka kujua kwa nini meza ya mwalimu iko kivulini, na wao kutwa wanaungua juani. Pimbi akakohoa. Mwishowe akashuka mezani, wakasaidiana kuisogeza ili nao waingie kivulini.

Fundisho, wanangu, ni hili: mwalimu akiwafundisha watoto kuwauliza wakubwa, ajue na yeye ni mkubwa.