Hamira Kwenye Kisahani Kisicho na Sukari

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja, kazi yake ilikuwa kulea hamira maabarani, hamira hii hii ya maandazi. Binti yake wa miaka minne alianza kulegea miguu. Daktari akapima damu, akaona kasoro ya kurithi, ila hakuwa na hakika kama ndiyo inayomdhuru mtoto. Akaomba maabara ile iweke kasoro kama hiyo ndani ya hamira, ionekane itaishije. Mama akaomba kazi hiyo aifanye mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Hamira ikiwa na sukari tele, huishi kwa raha. Kuna kitu kiitwacho koenzaimu Q, kinachoisaidia kuchoma chakula kwa hewa ipate nguvu. Wakati wa sukari hukitengeneza kidogo tu. Sukari ikiisha, ikabaki na chakula kingine, hukitengeneza kwa wingi, maana sasa bila hicho ni kifo. Na kasoro ya binti ilikuwa hapo hapo, penye kukitengeneza kitu hicho.

Mama akaiweka kasoro ile ndani ya hamira, akaipanda kwenye kisahani chenye sukari. Ikaota, nyeupe na nene, sawa na hamira isiyo na kasoro. Moyo ukamtulia. Mwenzake wa maabara akamwambia taratibu, "Dada, hapo bado hatujajua kitu. Ihamishie pasipo na sukari."

"Nitaihamisha kesho," akajibu.

Kesho haikufika. Kila asubuhi alikitoa kile kisahani cha sukari, akakitazama, akakirudisha. Daktari akipiga simu, aliambiwa majibu bado. Nyumbani binti aliacha kupanda ngazi. Mama akawa anambeba, akijiambia mtoto amechoka tu. Niwaulize, alikuwa akimdanganya nani?

Wiki ya sita akaihamisha, pamoja na ile isiyo na kasoro. Baada ya siku tatu akafunua. Hamira isiyo na kasoro ilikuwa imekijaza kisahani chake. Ile yenye kasoro ya binti yake haikuota hata chembe. Akakaa sakafuni.

Akampigia daktari, akamweleza alichokiona. Daktari akasema, "Mama, ugonjwa huu una dawa. Tutampa mtoto hiyo hiyo koenzaimu anayoikosa. Lakini inaokoa kilichobaki. Misuli iliyokwisha kuharibika haiirudishi."

Binti alianza dawa siku ile ile. Yu hai. Anatembea kwa magongo.

Jamani, mama huyu alimpenda mtoto wake kuliko roho yake. Kosa lake ni kwamba aliogopa kujua kuliko alivyoogopa ugonjwa. Na sisi je? Tunashiba, tunalala salama, tunaimba vizuri, basi tunasema imani yetu ni nzima. Nani kati yetu ameipima siku alipokosa hivyo vyote? Tunaogopa kumwambia Mungu, "Nichunguze," tukidhani akiona atatutupa. Kumbe dawa anayo mkononi, na sisi ndio tunaomwambia majibu bado. Kila siku tunayojificha, kuna kitu ndani yetu kinakufa. Mimi naogopa, ndugu zangu, na naanza kujiogopea mwenyewe. Nani atakayekuja mbele leo, kungali na cha kuokoa?