Mafuta ya Bi Kindi na Amri ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na watoto wa kulisha kama sisi, Bwana Kiboko alikikalia kivuko cha mto akaweka amri yake: "Chochote kizito kuliko maji ni changu! Kizito huzama, na chini ndiko nyumbani kwangu."

Basi asali ya Nyegere ikachukuliwa. Uji wa Mama Ngiri nao, vivyo hivyo.

Siku moja akaja Bi Kindi na kibuyu cha mafuta ya ufuta. Siku nne nzima aliyakamua kwa shangazi yake, na wanawe watatu ng'ambo hawakuwa na kitoweo kingine kiangazi kile. Moyo ulimdunda, du! du! Kichwa chake kilitulia tuli.

"Simama! Umebeba nini?"

"Mafuta, Bwana mkubwa."

Kiboko akatumbukiza kidole, akakiinua. Mafuta yakachuruzika polepole.

"Alaa! Mazito haya! Lete!"

Bi Kindi akaangua kilio. "Yachukue, Bwana, lakini usiyapime mbele za watu! Nitaaibika!"

Wee! Kiboko kusikia hivyo, akanguruma hadi wavukaji wote wakageuka. "Yatapimwa! Tena sasa hivi! Yakizama, yangu. Yakielea, sitamtoza mtu tena hapa. Naapa kwa meno yangu!"

"Mmesikia, jamani?" akauliza Bi Kindi, machozi yamekauka ghafla.

"Tumesikia!"

Akamimina kidogo mtoni. Mafuta yakaenda chini, dobwi! Yakaibuka, yakatanda juu yakimetameta. Kiboko akayasukuma kwa mkono. Yakarudi. Akayapiga, pwaa! Yakamrukia usoni.

"Lakini ni mazito! Nimeyaona yakichuruzika!"

"Uzito wa kuchuruzika ni mwingine, Bwana, na wa kuzama ni mwingine. Neno ni moja tu. Wewe umelishika neno, mimi nimeshika kibuyu."

Kwa! kwa! kwa! Wavukaji wakacheka hadi mbavu zikawauma. Kiboko akajitupa mtoni, chubwi! akazama hadi chini kabisa.

Bi Kindi akaziba kibuyu chake, akashika njia ya kwa wanawe. "Mnaona?" akawaambia wavukaji. "Kizito kimekwenda kwao."

Hadithi yangu imezama hapo, funzo limebaki juu: anayejigamba kabla ya kupima, kipimo humuumbua.