Nani Aitunze Programu ya Dozi?

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mwanangu hata meno hajaota, walikuwepo mafundi watatu wa kompyuta waliojiona wamezaliwa na akili zote za mji. Walitunga programu ya kukokotoa dozi za watoto kwa uzito, wakaigawa bure, zahanati yetu ikaichukua. Ila kuiweka kwenye ghala kubwa la mtandaoni, wanakoweka wenzao, wakakataa. "Matajiri wenye ghala lile watatufungia mlango siku moja." Haya. Kila mmoja akakaa na nakala nzima kwake, marekebisho wakatumiana kwa barua pepe.

Mmoja wao, Mbwana, akaona kosa: mtoto wa chini ya kilo tano anapangiwa dozi maradufu! Akarekebisha siku ileile, akatuma.

Shemdoe, mpokeaji wa marekebisho, akayarudisha bila kuyasoma. Kisa? Mbwana kayaambatanisha kama faili, na sheria yao inataka yaandikwe ndani ya barua yenyewe. "Soma sheria, mdogo wangu, utume upya." Mbwana akanuna. Hakutuma. Mwanamume mzima, na ndevu!

Kidawa, ambaye zahanati ilichukua nakala kwake, alizisoma barua zote. Nakala yake hakuirekebisha.

Mwanangu ana kilo nne na nusu. Akaugua, zahanati wakampangia dozi kwa programu hiyo. Akanywa dawa, akalala, namtikisa haamki, namwita haamki, nikakimbia naye bila viatu. Alipolia nikalia na mimi.

Mafundi wote watatu wakaitwa zahanati. Mbwana akasema, "Kosa nililiona mimi. Hawa hata kuliona hawakuliona."

"Ukaliona, ukanuna!" nikamkatiza.

Shemdoe akasema, "Dada, nikipokea vitu kiholela, ipo siku mtoto atapewa sumu."

"Na wangu alipewa nini, togwa?"

Kidawa akasema, "Mama Salha, mashine ni yangu, programu ni ya wote. Ningeigusaje peke yangu?"

"Kwa kidole, bibi!"

Nesi akachoka. "Kosa limeshaondolewa. Lakini bila programu hii narudi kukisia. Kuanzia leo programu aitunze mmoja tu, na nakala nachukua kwake. Mama Salha, chagua wewe."

Jumatatu Salha anarudi kupewa dawa, na mimi sijachagua. Mwenye macho ananuna, mwenye sheria hasomi, mwenye mashine haigusi.

Je, nani kati yao anastahili kuitunza, wewe ukiwa na mwanao mgongoni? Ninong'oneze jina tu. Wallahi, simwambii mtu mwingine.